Neno Moja Lililofunga Kisima

Mkaguzi wa shule alipokuja kwetu mara ya kwanza, mwanafunzi wangu wa darasa la tano alisimama wima, akaweka mikono nyuma, akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni kisima. Mkaguzi alikuwa amemuuliza hali yake tu. Mtoto alitaka kusema "I am well", yaani hajambo, lakini wiki nzima nilikuwa nimewasumbua kuhusu kile kineno "a" ambacho Waingereza hupenda kukitanguliza, naye kwa kuogopa kukisahau akakitia. "I am a well, sir." Mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani na vumbi la safari mabegani, alimtazama kidogo, akamjibu kwa Kiswahili, "Basi nitekee maji, mwanangu. Nimetoka mbali."

Watoto hawakuelewa kwa nini mwalimu wao alijifunika uso kwa daftari.

Nawasimulia haya ninyi mnaoanza kazi ya ualimu, na hasa wewe mjukuu wangu Neema, uliyepangiwa shule juzi ukaja kuniuliza, "Bibi, Kiingereza nikifundisheje?" Nilikijibu kikombe changu cha chai badala ya kukujibu wewe, kwa sababu jibu lake refu. Nimefundisha Kiingereza katika shule za msingi za Handeni na Korogwe tangu nchi ilipokuwa changa mpaka nilipostaafu. Mbinu zimebadilika mara nyingi, vitabu vimekuja na kuondoka, na sasa mna simu zinazotafsiri kabla mtu hajamaliza kusema. Lakini lipo neno moja ninaloweza kuwaeleza kwa uhakika, kwa sababu nililikosea mbele ya kijiji kizima na watu wakateseka. Ni hilo hilo "well". Lina herufi nne tu.

Mimi ni mtu wa Vugiri, kule juu milimani. Kwetu maji yalikuwa yanapita nyuma ya jiko. Tulikuwa tunayasikia tukiwa tumelala, na mtoto aliyetumwa maji alirudi kabla moto haujashika. Sikujua kwamba maji ni kitu cha kutafutwa mpaka nilipomaliza chuo na kupangiwa kijiji kimoja upande wa Kang'ata. Nilifika kwa lori la mahindi, nikiwa na sanduku la bati na godoro la sufi. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Mwantumu, akaniletea maji ya kuoga kwenye beseni. Niliyaoga yote, nikamwaga yaliyobaki mlangoni. Alikuwa amesimama pale pale, akayaangalia yanavyozama mchangani.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hayo ungefulia kitambaa, kisha ukanipa nimwagilie mchicha."

Hakunikasirikia. Lakini usiku wa siku hiyo niligundua kwamba alikuwa ameyafuata maji yale kwa mwendo wa saa mbili. Tangu hapo nikamwita Bibi, kama watoto wa pale walivyomwita, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho.

Mwalimu mkuu wetu aliitwa Mwalimu Mhina. Alikuwa mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi ya mkaa kila siku ya Mungu, na sauti yake haikupanda hata alipokasirika. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa cheti tu. Katika mwezi wangu wa kwanza aliingia darasani kwangu akakaa nyuma. Nilikuwa nimeandika ubaoni orodha ya maneno ishirini ya Kiingereza upande mmoja na maana zake upande wa pili, watoto wanaimba kwa pamoja: "Well, vizuri! Well, vizuri!" Kisha nikawapa sentensi moja watafsiri, ya chura aliyeishi ndani ya "well". Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba chura alikuwa anaishi ndani ya vizuri.

Mwalimu Mhina alisubiri watoto watoke. "Umewafanyia kosa," alisema. "Umewapa neno limefungwa kama mzigo. Usimpe mtoto neno, Damari. Mpe sentensi."

Kesho yake alikuja na maboksi ya sabuni aliyoyaomba dukani. Tulikata vipande, tukaandika neno moja kila kipande kwa makaa na wanga. Watoto walisimama mbele ya darasa, kila mmoja na kipande chake kifuani, wakawa sentensi. Aliyebeba "well" alikuwa anahamishwa. Akisimama mwisho wa sentensi, nyuma ya "she sings", darasa linasema: anaimba vizuri. Akisimama baada ya "my mother is", darasa linasema: mama yangu mzima. Akitangulizwa mbele ya wote, mwenyewe, na koma yake ambayo ilikuwa mbegu ya mbuyu iliyofungwa kwa uzi, darasa linasema: haya basi. Na akishikana mkono na mwenye "the" au "a", darasa zima linainama kama linavuta kamba: kisima.

Njia hiyo niliitumia mpaka nilipostaafu. Maboksi mtayapata bado, na watoto wanapenda kusimama kuliko kukaa. Msimchague yule yule mwenye akili kubeba neno gumu. Mpeni yule anayejificha nyuma. Akishahamishwa mara nne na darasa likamsemea maana nne, neno hilo halimtoki tena.

Miaka ikapita. Mwalimu Mhina akastaafu akarudi kwake Korogwe. Ikaja Ujamaa, watu waliokuwa wametawanyika porini, kila ukoo na shamba lake, wakaambiwa wasogee pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Shule tulikuwa nayo. Zahanati ilikuja baadaye. Maji ndiyo yaliyokuwa taabu, maana kijiji kiliongezeka ghafla, nyumba zikajipanga kwa mistari, lakini mahali pa kuteka palikuwa pale pale, kwenye lambo la ng'ombe la mwendo wa saa mbili.

Bibi Mwantumu hakungoja. Aliwakusanya akina mama kumi na moja, wakaenda kwenye bonde chini ya msikiti, mahali ambapo yeye alikuwa ameona majani ya kijani hata wakati wa kiangazi. Wakachimba kwa majembe na kutoa udongo kwa makarai, kwa zamu, kiangazi chote. Waume zao waliwacheka kwanza, kisha wakawakatia magogo ya kuzuia kingo. Siku maji yalipotoka yalikuwa kama chai ya maziwa. Baada ya siku tatu yakawa safi. Kina chake kilikuwa watu wawili, mmoja juu ya mabega ya mwenzake, na kwa kweli ndivyo walivyokipima. Watu wakakiita Kisima cha Akina Mama.

Mwenyekiti wa kijiji chetu, Mzee Sengasu, alikuwa mtu wa kupenda maendeleo. Alitaka kisima kile kichimbwe zaidi na kujengewa kwa saruji. Akaandika barua wilayani, na baada ya muda ikaja Landrova na mtaalamu wa maji, Mzungu kijana mwenye kofia ya turubai. Kiswahili hakujua. Dereva wake alijua Kiingereza cha barabarani tu. Nikaitwa mimi nitafsiri.

Mzungu akainama kisimani, akaangalia magogo yalivyopangwa, akaonja maji kwa kiganja, akasema, "Well, well, well."

Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyewahi kuwa mpishi kwenye shamba la mkonge, akageuka akawatangazia watu, "Amesema visima vitatu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Ilinibidi ninyanyue mkono. Niliwaeleza kwamba Mzungu anaposema hivyo mara tatu mfululizo hahesabu kitu, anashangaa tu, kama sisi tunavyosema "ala, ala". Watu wakacheka, balozi akacheka pia, na Mzee Sengasu akaniambia mbele ya wote, "Mwalimu, tungekuwa tumeshaanza kugombania hicho cha tatu kiwe kwa nani." Nilijisikia mkubwa siku ile. Nawaambia ukweli, nilirudi nyumbani nikijiona kwamba neno hilo mimi ndiye mwenyewe. Mtaalamu alijaza maji kwenye chupa, akapima udongo kwa chuma kirefu, akaahidi kuandika.

Barua ilikuja wiki kadhaa baadaye, imepitia wilayani, imepigwa chapa kwa Kiingereza. Mzee Sengasu akaitisha mkutano siku hiyo hiyo. Nilikabidhiwa barua mbele ya watu nikiwa nimesimama, sikupata hata nafasi ya kuisoma peke yangu kwanza. Ilisema mashine ya kuchimba ingekuja ikipatikana, mahali pake ni karibu na shule. Nikatafsiri, watu wakafurahi. Ilisema kwamba chini ya bonde kuna tabaka la chumvi. Nikatafsiri, watu wakanyamaza. Kisha ikasema, kuhusu kukichimba zaidi kile kisima cha akina mama, ushauri wake mtaalamu ni huu: "leave well alone".

Nilijua "leave" ni kuacha. Nilijua "well" ni kisima, tena tulikuwa tumesimama tunazungumzia kisima. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kuhusu kisima cha akina mama, mtaalamu anashauri: achaneni nacho."

Mzee Sengasu akauliza, "Tuachane nacho kabisa?"

"Ndivyo alivyoandika, Mzee."

Miaka ile kulikuwa na hofu ya kipindupindu, na mwenyekiti hakutaka kijiji chake kitajwe kwa ugonjwa. Kesho yake vijana walilaza magogo juu ya kisima na kutandaza miiba. Bibi Mwantumu alinifuata shuleni. Alisimama dirishani, mkononi kashika kata yake ya kuchotea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hiyo karatasi imesema kisima changu kina nini?"

"Imesema chini kuna chumvi."

"Sisi tunakunywa ya juu."

"Bibi, ni mtaalamu. Amepima."

Alinitazama, si kwa ubishi. Alinitazama kama mtu anayemwamini mwingine na inamuuma. "Haya," akasema. "Kama wewe ndiye uliyeisoma." Akaenda zake. Alfajiri ya siku iliyofuata, yeye na wenzake walirudi kwenye njia ya lambo, madebe kichwani, kunywa maji pamoja na ng'ombe.

Wanafunzi wasichana wakaanza kuchelewa. Mmoja wao aliitwa Mwanaidi, mjukuu wa Bibi Mwantumu, darasa la sita. Alikuwa wa kwanza darasani. Sasa alikuwa anaingia kipindi cha pili, miguu imejaa vumbi jeupe, anasinzia kabla ya mapumziko. Wiki ya tatu hakuja kabisa kwa siku mbili. Nyanya yake alikuwa ameteleza kwenye mawe na debe likiwa limejaa, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi kikuu, na Mwanaidi alikuwa anateka kwa nyumba mbili.

Aliporudi nilikuwa nafundisha tena lile neno. Niliandika ubaoni sentensi nne, na ya nne nikachukua ile ya kwenye barua, kwa kujivunia, watoto waone Kiingereza cha kweli kilichokuja kijijini kwao. Chini yake nikaandika: kisima. Mwanaidi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ulitufundisha kitu cha kuhesabika hakisimami peke yake. Lazima kitanguliwe na 'a' au 'the'. Hiki kisima mbona kimesimama peke yake?"

Nikatazama ubao. Kweli hapakuwa na kitu mbele ya "well". Mtoto wa maboksi angekuwa amesimama pale bila wa kumshika mkono.

Ningepaswa kumwambia, "Sijui, nitatafuta." Maneno hayo mawili ndiyo magumu kuliko yote katika kazi yetu. Mimi nilimwambia, "Andika kama ilivyo ubaoni." Akaandika. Lakini yeye alikuwa ameniachia jiwe kwenye kiatu. Nilisahihisha madaftari jioni ile nikaiona sentensi hiyo mara arobaini na mbili, kwa hati arobaini na mbili, na kila mara nililiona pengo lake.

Jumamosi nilinakili barua nzima kwa mkono, nikapanda lori kwenda Korogwe kwa Mwalimu Mhina. Alikuwa anakaa karibu na reli, ana miti ya machungwa mitano na kuku wengi. Nilimkuta anafua nazi. Nilimpa karatasi bila kueleza kitu. Aliisoma, akairudia, akaingia ndani, akatoka na kamusi nene aliyoivika gwanda la kaki kama mwanafunzi wake. Akapitisha kidole ukurasa mzima, kisha akanigeuzia.

"Soma mwenyewe."

Nilisoma. Ilikuwa ni msemo wao. Hapo "well" haikuwa kisima. Maana yake ilikuwa jambo lililo sawa tayari. Ukiambiwa hivyo, unaambiwa usiliguse lisije likaharibika.

"Mtaalamu anasema maji ya juu ni mazuri na ya chini yana chumvi," alisema Mwalimu Mhina. "Mkichimba zaidi mtatoboa mpaka kwenye chumvi. Basi msichimbe. Kitumieni kilivyo. Wao waliambiwaje?"

"Mimi ndiye niliyewaambia. Wamekifunga."

Nilidhani atanicheka au atanikaripia. Hakufanya lolote katika hayo. Aliketi, akaweka kamusi mapajani. "Mimi nilikwambia umpe mtoto sentensi," alisema. "Kumbe sikumaliza. Kuna wakati hata sentensi haitoshi, unahitaji barua nzima. Ulitafsiri mstari kabla ya kujua karatasi inataka nini. Nami ningeweza kufanya hivyo, umesimamishwa mbele ya watu, kila mtu anasubiri mdomo wako." "Nikuandikie barua umpelekee mwenyekiti?"

"Hapana, Mwalimu. Nililisema kwa mdomo. Nitalirudisha kwa mdomo."

Mke wake alinifungia machungwa kwenye kitambaa. Njia nzima ya kurudi sikula hata moja.

Nilianza kwa Bibi Mwantumu. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba ukumbini, mguu umelazwa juu ya gunia, Mwanaidi anamkanda kwa maji ya moto. Nilipiga magoti. Nilimweleza yote, mpaka lile pengo ambalo mjukuu wake aliliona na mimi nikalinyamazisha. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na niliona aibu kulia mbele ya mwanafunzi wangu.

Bibi Mwantumu akauliza, "Kwa hiyo yule Mzungu alikisifia?"

"Alikisifia, Bibi. Alisema kiko vizuri mno hata tusikiguse."

Uso wake ukalegea taratibu, mashavu yakapanda. "Kichimbwe na wanawake kwa majembe," alisema, "na Mzungu wa mashine aseme kisiguswe." Kisha akakumbuka mguu wake, akanigeukia. "Lakini mwalimu, umenitembeza."

"Nimekutembeza, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Mwanaidi bado. Muombe na yeye."

Nikamgeukia mtoto wa miaka kumi na mitatu nikamwomba radhi. Aliinamisha kichwa, hakujua aweke wapi mikono, mwishowe akaniambia, "Si neno, mwalimu," akaendelea kukanda.

Mzee Sengasu alikuwa mgumu zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena. "Juzi uliniambia nifunge, leo unaniambia nifungue. Nikifungua na watu wakaharisha, nitasema nini?" Alikuwa na haki. Nikamwambia asiniamini mimi, twende wote wilayani tukamuulize Bwana Maji. Tulikwenda Handeni Jumatatu kwa baiskeli, yeye yake na mimi ya shule, mchanga unatushika magurudumu.

Bwana Maji akafungua jalada, akasoma, akashangaa. "Nani aliwaambia mfunge? Hicho ndicho kisima kizuri kuliko vyote alivyopima safari ile."

Mzee Sengasu alinitazama, kisha akamtazama Bwana Maji. "Tulisoma vibaya," alisema. "Sote."

Sikusahau hilo "sote" lake. Lakini sikutaka lijifiche mkutanoni. Alipowakusanya watu, nilisimama nikawaambia: si mtaalamu aliyekosea wala si mwenyekiti, ni mimi, neno lilikuwa na maana nyingi nikachukua ile niliyoizoea. Baba mmoja nyuma akanung'unika kwamba mke wake amekonda kwa ajili ya neno la Kizungu. Kisha balozi, yule aliyewahi kuhesabu visima vitatu, akasema, "Jamani, mimi nililiongeza likawa vitatu, mwalimu akalipunguza likawa hakuna. Tugawane, kiwe kimoja." Watu wakacheka kwa uchovu, na mkutano ukavunjika kwa kwenda moja kwa moja bondeni kuondoa miiba. Niliondoa na mimi. Nilichomwa vidole vyote.

Kwa hiyo, Neema, na wenzako: fundisheni neno ndani ya sentensi, na sentensi ndani ya habari nzima. Mtoto akiuliza kitu msichokijua, semeni hamjui, siku hiyo hiyo, kabla hajaandika kwenye daftari. Na mkiitwa kutafsiri kitu kinachogusa maji au dawa au ardhi ya watu, ombeni kwanza mkae pembeni muisome karatasi mpaka chini. Watu watasubiri. Wamezoea kusubiri mambo makubwa kuliko hayo.

Muda si mrefu likaja agizo la kisomo cha watu wazima, nami nikapewa darasa la jioni, saa kumi, wakati akina mama wamemaliza shamba. Wa kwanza kufika alikuwa Bibi Mwantumu, bado anachechemea kidogo, na kipande cha penseli amekichomeka kwenye kilemba.

"Nimekuja kusoma," alisema. "Karatasi nyingine ikija, nataka niwe wa kwanza."

Alisoma kwa bidii ya kutisha. Herufi ya "r" na ya "l" zilimtesa miezi miwili, na alizitukana kwa Kizigua akidhani mimi Mshambaa sielewi. Mwaka uliofuata barua ya wilaya ilikuja, safari hii kwa Kiswahili, maana Mzee Sengasu alikuwa ameomba hivyo. Ilihusu ile mashine ya kuchimba. Mwenyekiti alinyoosha mkono kunipa, nikamwashiria ampe Bibi Mwantumu. Akaipokea kwa mikono miwili. Alisoma kimya kwanza, yote, midomo inacheza, mpaka kwenye muhuri. Mkutano mzima ulimngoja. Kisha akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, mahali pawili akarudi nyuma akarekebisha.

Alipomaliza alikunja karatasi, akaikunjua tena, akanipa.

"Sasa soma wewe, mwalimu," alisema, "tuone kama tunasema kitu kimoja."

Nilisoma. Tulisema kitu kimoja.